Mvuke Ulianza na Pareto, Si Stima

Ukitaja mvuke wa ardhini hapa Kenya, stori huwa ni ile ile: Olkaria, mitambo, stima. Hata mimi nilikuwa hapo, mpaka nikasoma kuhusu Eburru, ule mlima ulio kaskazini-magharibi mwa Ziwa Naivasha. Kumbe mvuke ulifanya kazi ya shamba miaka 40 hivi kabla haujawasha taa kwa nyumba ya mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, enzi za walowezi, kulijengwa pale banda la kukaushia pareto. Mvuke unatoka ardhini, unapita kwa bomba, unapasha hewa joto, maua yanakauka. Basi. Baadaye wenyeji wakaendelea kulitumia. Na kwa sababu maji huko ni shida, watu hutega mvuke kwa mabomba, unapoa, unakuwa maji ya kunywa.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulikuja 1981, megawati 15. Halafu 2003 shamba la maua la Oserian, pale pale Naivasha, likaanza kutumia kisima lilichokodi kwa KenGen kupasha joto vivungulio vyake, zile nyumba za plastiki. Ikafika hekta 50 za waridi. Sasa utauliza, Naivasha na jua lote hilo, joto la nini? Hata mimi niliuliza. Shida ni usiku. Baridi inaingia, unyevu unapanda, majani yanalowa, asubuhi unakuta ukungu umeshika. Ukipitisha maji moto kwa mabomba humo ndani, hewa inakauka na pesa ya dawa inapungua. Hata ile kaboni inayotoka na mvuke waliipeleka kwa mimea. Akili hiyo, lazima niwape.

Lakini manze, waridi linalala kwa joto halafu linapanda ndege kwenda Ulaya, na mama anayelima nyanya juu Eburru, zaidi ya mita 2,000, anapigana na baridi hiyo hiyo akiwa na pampu ya dawa mgongoni. Na tusisahau 2014, familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, malalamiko yakafika hadi Benki ya Dunia.

Mtaniambia ni ghali. Kuchimba kisima kipya, ndiyo, ni mamilioni ya dola. Lakini kivungulio hakihitaji kisima chake. Mvuke ukishatenganishwa kwenda kwa mtambo, hubaki maji moto sana ambayo mara nyingi hurudishwa ardhini. Maji hayo yana madini yanayoganda na kuziba mabomba, kwa hivyo hayaingii shambani. Yanapasha tu maji safi kupitia ukuta wa chuma, na hayo safi ndiyo yanazunguka. Kisima dhaifu kisichoweza kuzungusha mtambo pia kinatosha. Sharti shamba liwe karibu, kwa sababu joto hupotea njiani.

Menengai walishaonyesha inawezekana. Kuanzia 2015 GDC ilikuwa na kivungulio hapo, mabwawa ya samaki, hadi mashine za kufua nguo, zote kwa joto la kisima. Ila hayo yalikuwa ya maonyesho.

Mimi nataka bomba la kijiji liandikwe kwenye mkataba kabla mtambo haujajengwa, na ufunguo wa vali ukae na chama cha wakulima hapo hapo, si ofisini Nairobi.