Bodi Iliyodumu Miaka Tisa

Tarehe 1 Julai 1956 Tanganyika ilipata shirika lake la utangazaji. Tangu 1951 kulikuwa na Sauti ya Dar es Salaam, kituo cha majaribio cha serikali ya kikoloni kilichosikika mjini na viungani. Sasa likaja shirika lenye bodi, kwa mfano wa BBC: serikali ikae mbali na maikrofoni.

Mfano huo ulivuka bahari ukiwa nusu. Uingereza, kila mwenye redio alilipia leseni, shilingi 10 kwa mwaka kuanzia 1922, na BBC iliishi kwa pesa hizo. Tanganyika wenye redio walikuwa wachache mno kuweza kulibeba shirika. Bodi ikapewa kiti. Mfuko ukabaki serikalini.

Basi kuivunja mwaka 1965 hakukuwa na kazi kubwa. Serikali ya Nyerere ilitaka redio ijenge taifa. Shirika likafutwa, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, idara ya wizara ya habari. RTD haikulala, hilo lazima lisemwe. Kampeni ya "Mtu ni Afya" mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria na maji, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Idhaa ya Nje iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika mahali pa kusemea. Bendi za dansi zilirekodi studioni mwake nyimbo zinazopigwa hadi leo, na Idhaa ya Biashara ilichuma kidogo kwa matangazo. Ila mtangazaji alikuwa mtumishi wa serikali, na taarifa ya habari haikumsahaulisha hilo.

Sheria ya 1993 ilifungulia mlango vituo binafsi. Mwaka 2002 RTD na Televisheni ya Taifa ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), na 2007 ikaja amri ya kuunda Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Bodi ikarudi, ingawa mwenyekiti na mkurugenzi mkuu huteuliwa na Rais.

Januari 2016 waziri wa habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwani gharama zilifikia shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani wakachachamaa, polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Hata hesabu hiyo ikikubaliwa, uamuzi wa kipi kirushwe na saa ngapi, ambao ni kazi ya mhariri, ulitangazwa bungeni na waziri.