Ubwoba: neno moja, chakula na hofu

Wikendi moja tulikuwa Gisimenti, mwenzetu akaagiza mshikaki wa uyoga. Rafiki Mnyarwanda akauita ibihumyo. Mimi nikasema kwetu Burundi tunauita ubwoba. Akacheka: "Ubwoba si ni hofu?" Kumbe Kirundi kinayaandika yote mawili sawasawa.

Bibi yangu ni wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye misitu ya miombo. Uyoga mwingi wa kule huishi na mizizi ya miti hiyo: mti unaupa sukari, uyoga unaupa mti maji na madini. Ukikata mti, na uyoga unakwenda. Mwaka 1994 mtaalamu Bart Buyck alitoa kitabu kizima juu ya uyoga wa magharibi ya Burundi, akakiita hivyohivyo, Ubwoba.

Mwaka 1972 mauaji yalipoanza, watu wa Rumonge walikimbilia Tanzania. Wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Na huko pia ni miombo! Bibi anasema mvua za kwanza ziliponyesha, akina mama waliingia porini na vikapu, wakakuta uyoga wanaoujua. Waliacha nyumba na mashamba, lakini elimu hii walikuja nayo kichwani. Walipika na mawese, wakala na ugali.

Sisi tuliokuja Rwanda 2015 hatukukuta msitu ule. Uyoga tunaoujua ni ule unaolimwa, unauzwa sokoni. Si mbaya, lakini ule wa kwenye vichuguu, ambao mchwa wenyewe ndio wanaulima chini ya ardhi, hautoki kwenye mfuko wa mkulima.

Jamani, sisemi mtu akachume ovyo. Kuna uyoga ambao sumu yake haiishi hata uchemshe vipi, na tumbo linaweza kuanza kuuma baada ya saa nyingi, ini limeshaharibika. Kusema "wadudu wameula, basi ni salama" ni uongo. Bibi hakuwahi kuokota asioujua kwa jina.

Ndiyo maana naandika. Majina yale anayo yeye, na amezeeka. Wiki hii nimeanza kumrekodi kwenye simu. Na wewe, kaa na mzee wako, muulize alikula nini porini. Hofu yetu isiwe uyoga tu, iwe pia kusahau.