Kufungwa kwa Simu: Betri na Kadi ya Kumbukumbu katika Historia ya Mawasiliano ya Kamina

Historia ya simu za mkononi katika Afrika kwa kawaida husimuliwa kama historia ya ongezeko: ongezeko la minara, la wateja na la huduma. Makala haya yanaitazama historia hiyo kwa upande wa vitu viwili vilivyoondolewa. Cha kwanza ni betri ambayo mwenye simu aliweza kuitoa kwa ukucha wa kidole gumba. Cha pili ni tundu la kadi ya kumbukumbu, lililomwezesha kuongeza nafasi ya kuhifadhia nyimbo, picha na maandishi kwa gharama ndogo. Hadi mwaka 2014 hivi vyote viwili vilikuwa jambo la kawaida katika simu nyingi. Miaka michache baadaye vilikuwa vimetoweka katika simu nyingi za bei ya juu, na betri ikawa imefungwa ndani hata katika simu janja za bei nafuu.

Mabadiliko hayo yanastahili kuchunguzwa kutoka mji kama Kamina. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa katika majimbo manne, ni njia panda ya reli. Njia moja yatoka Lubumbashi na Tenke upande wa kusini, nyingine yaelekea Ilebo, na ya tatu, iliyokamilika mwaka 1956, yakwenda Kabalo. Bidhaa za viwandani, simu zikiwamo, hufika baada ya safari ndefu. Umeme nao ni wa kubahatisha: katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa jumla, ni kama mtu mmoja tu kati ya watano anayefikiwa na umeme, na aliyefikiwa hana hakika ya kuupata kila siku. Mahali penye hali hiyo, swali la nani ana haki ya kufungua simu si swali la umbo wala la pambo.

Mawe ya redio na foni

Kabla ya simu palikuwa na redio ya transista. Betri zake kavu, ambazo katika sehemu nyingi huitwa mawe, zilinunuliwa moja moja dukani, na zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo za kumalizia taarifa ya habari. Palikuwa pia na foni, yaani redio ya kupeleka na kupokea sauti, iliyotumiwa na misheni, wafanyabiashara na makampuni katika miaka ambapo simu za nyaya zilikuwa zimekufa karibu nchi nzima. Foni ilikula betri ya gari. Katika vyombo hivi vyote mtumiaji alikuwa na mazoea ya kuitazama mashine kuwa kitu kimoja na nguvu yake kuwa kitu kingine. Kimoja kikifa, kingine hakikufa nacho.

Simu ya mkononi ilipoingia haikuvunja mazoea hayo. Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuwa na huduma ya namna hiyo: kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare, ilianza kazi Kinshasa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Wateja wake walikuwa wakubwa wa serikali na matajiri. Watu wa kawaida walifikiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Celtel na Vodacom zilipoanza kujenga minara yao, na chombo kilichowafikia kilikuwa mara nyingi simu ya Nokia. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani. Betri yake, iliyoandikwa BL-5C, iliweza pia kuingia katika simu nyingine kadhaa za kampuni hiyo.

Hapana budi kukaa kidogo juu ya jambo hilo, kwa sababu ndilo lililojenga utaratibu mzima wa maisha. Mwenye simu alikuwa na betri mbili, moja kazini na moja mfukoni. Asiye na umeme nyumbani alimpa betri mtu anayekwenda penye jenereta, naye akabaki na simu yake. Hakulazimika kuiacha simu yenye majina na ujumbe wake mikononi mwa mgeni. Vibandani palikuwa na chaja ya kubana, yenye meno mawili yanayosogezwa, iliyoweza kuchaji betri ya simu yoyote. Simu iliyoanguka majini iliokolewa kwa kutolewa betri papo hapo. Simu iliyoganda ilitibiwa kwa njia hiyo hiyo. Kweli, soko la betri lilijaa bandia, na tarakimu zilizochapishwa juu ya betri hizo hazikuwa na uhusiano wowote na nguvu iliyokuwamo. Lakini aliyedanganywa alipoteza betri tu.

Kadi ya kumbukumbu ilifuata. Kampuni ya SanDisk iliitoa mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, na mwaka 2005 ikakubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa kwa jina la microSD. Kijikadi hicho, kidogo kuliko ukucha, kilizaa biashara: kijana mwenye kompyuta moja alijaza kadi za watu nyimbo, mahubiri na filamu kwa malipo madogo. Katika Sahara ya Mali mtindo huo ulijulikana hata nje, pale Mmarekani Christopher Kirkley alipokusanya nyimbo kutoka kadi za simu za Kidal na kuzitoa kama albamu. Mahali ambapo mtandao ni ghali, kadi ilikuwa maktaba inayotembea, na wimbo uliorekodiwa kijijini uliweza kusafiri kwa gari la moshi bila kupita katika mnara wowote.

Namna simu ilivyofungwa

Januari 2007 kampuni ya Apple ilionyesha iPhone, simu isiyo na kifuniko cha kufunguliwa wala tundu la kadi. Wakati huo jambo hilo lilihesabiwa kuwa upungufu. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na vyote viwili, na kwa miaka kadhaa wapinzani wa Apple walijivunia tofauti hiyo. Mwaka 2014 Samsung ilitoa tangazo la kuwakejeli wenye iPhone, wakionyeshwa wamejibana kwenye kuta za uwanja wa ndege wakitafuta umeme, huku mwenye Galaxy S5 akibadilisha betri na kwenda zake.

Mwaka uliofuata Samsung hiyo hiyo ilitoa Galaxy S6 iliyofungwa kabisa, bila tundu la kadi.

Watengenezaji walitoa sababu, nazo hazikuwa za uongo zote. Simu iliyofungwa huwa nyembamba na imara zaidi. Huzuia maji kwa urahisi. Betri isiyo na ganda gumu hujaza nafasi yote. Kumbukumbu ya ndani husoma na kuandika kwa kasi kuliko kadi, hasa kadi duni. Hata hivyo, simu mbili hizo za Samsung zikilinganishwa, hoja hizo hupungua uzito. Galaxy S5, yenye kifuniko cha kutoka, ilikuwa imethibitishwa kuhimili maji kwa kiwango cha IP67; S6 haikuwa na kiwango chochote cha kuhimili maji. Betri ya S5 ilikuwa na uwezo wa mAh 2,800. Ya S6, mAh 2,550. Kwa hiyo katika hatua ile ya mwanzo kabisa, mnunuzi alipoteza betri ya kutoka, akapoteza kadi, akapoteza kinga ya maji, na juu ya hayo akapewa nguvu pungufu. Alichopata ni wembamba na kioo mgongoni.

Habari ya kadi ina upande wake wa bei. iPhone 6 ya mwaka 2014 iliuzwa Marekani kwa dola 649 ikiwa na gigabaiti 16, dola 749 ikiwa na 64, na dola 849 ikiwa na 128. Dola 100 kwa nyongeza ya gigabaiti 48 ni bei ambayo hakuna muuza kadi angethubutu kuitaja. Google nayo ilikuwa imeanza kuliacha tundu hilo katika simu zake tangu Nexus S ya 2010, na toleo la Android 4.4 la mwaka 2013 lilizibana programu zisiandike popote zitakapo ndani ya kadi. Samsung ilirudisha kadi katika S7 mwaka 2016, ikaiondoa tena katika S21 mwaka 2021. Badala ya kadi, watu walielekezwa kuhifadhi vitu vyao mbali, katika kompyuta za makampuni, kwa kupitia intaneti. Ushauri huo una maana kwa mtu ambaye intaneti yake haikatiki wala haihesabiwi kwa megabaiti.

Ajali mbili zinaonyesha vizuri kilichobadilika. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita, zaweza kupata joto kupita kiasi. Mwenye simu alitakiwa asome namba iliyo mgongoni mwa betri na, ikiwa imo katika orodha, apewe betri nyingine; simu ilibaki yake. Mwaka 2016 betri za Galaxy Note 7 zilianza kuwaka moto. Kwa kuwa hazikutoka, ilibidi simu nzima zirudishwe, zipigwe marufuku katika ndege, na mwishowe zisitengenezwe tena. Idadi ya betri mbovu ilikuwa ndogo mara nyingi kuliko ile ya Nokia. Hasara ikawa kubwa kupindukia.

Mwaka 2017 likafuata jambo la Apple kukiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochakaa. Wenye simu wengi walikuwa wamedhani kwamba simu yao imezeeka, kumbe betri tu ndiyo iliyozeeka. Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 mwaka 2020.

Madini yatokayo jirani

Ipo sababu nyingine ya kuiangalia historia hii kutoka Haut-Lomami. Betri ya simu ina kobalti. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti yaweza kuwa ncha ya betri yenye nguvu. Mwaka 1991 Sony ikaiuza betri ya kwanza ya aina hiyo, na mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Wakati Sony ilipoingia sokoni, Gécamines ilikuwa ikianguka: mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulikuwa umeporomoka Septemba 1990. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, vita vya Kolwezi vya Mei 1978 vilikuwa vimepandisha bei ya kobalti duniani. Askari wa miamvuli wa Ubelgiji walipitia uwanja wa kijeshi wa Kamina kwenda huko. Leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo ulimwenguni. Madini hayo huondoka Lualaba, jimbo jirani, yakiwa udongo, na hurejea Kamina yakiwa ndani ya simu ambayo mnunuzi hawezi kuifungua bila kuipasha moto gundi yake.

Fundi wa mtaani amejifunza kazi hiyo, lakini kilichokuwa tendo la sekunde kumi kimekuwa kazi ya kulipia yenye hatari ya kuvunja kioo. Mwanaisimu ataona jambo jingine hapa. Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendua, uliokaa vizuri sana katika vitenzi vya kushika na kuachilia: funga na fungua, chomeka na chomoa, pachika na pachua. Karibu kila tendo la zamani juu ya simu lilikuwa na mwenzake wa kulitendua. Simu ya sasa hupachikwa betri kiwandani, na kitenzi cha pili kimehama kutoka kinywa cha mwenye simu hadi kinywa cha fundi.

Kurudi nusu

Haifai kudhani kwamba mwendo huu ulikuwa wa lazima. Fairphone ya Uholanzi, kampuni ya mwaka 2013 iliyotafuta tantalamu isiyo ya vita kutoka kaskazini mwa Katanga, iliendelea kutengeneza simu janja zenye betri ya kutoka. Samsung yenyewe haikuacha kutengeneza aina ya XCover, yenye betri ya kutoka na kinga ya maji, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani na wa nje. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya betri namba 2023/1542, ambayo kwayo betri za vyombo vidogo zapaswa kuweza kutolewa na mtumiaji kuanzia tarehe 18 Februari 2027. Simu, lakini, zimeachiwa mlango: kanuni nyingine ya mwaka huo huo yairuhusu simu ibaki imefungwa ikiwa inahimili maji na betri yake hubakiza asilimia 83 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 500, na asilimia 80 baada ya mara 1,000.

Katika soko la Afrika mambo yamekwenda kwa njia ya tatu. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye majina ya Tecno, itel na Infinix, imeacha tundu la kadi katika nyingi za simu zake janja za bei nafuu, huku ikiwa imeifunga betri na kuikuza hadi mAh 5,000 katika simu nyingi. Chaja za kubana zimepisha betri kubwa za akiba zinazobebwa mfukoni na paneli ndogo za jua. Na wengi wenye simu janja wana pia simu ya vitufe, ambayo chaji yake hudumu siku kadhaa na ambayo kifuniko chake kingali kinafunguka kwa ukucha. Ndani yake mara nyingi mna betri ya umbo lile lile la BL-5C, ambayo sasa hutengenezwa na viwanda visivyohusiana na Nokia. Hutiwa pia katika spika ndogo na katika redio za Kichina za mkononi, ambazo mwenyewe huzifungua, hutoa betri, na kuweka nyingine.