Keki ya Ghorofa: Asili na Ujenzi Wake

Tarehe 25 Januari 1858 binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa mjini London na mwana wa ukoo wa wafalme wa Prussia. Katika karamu ya arusi hiyo iliwekwa keki nyeupe ya ghorofa tatu, ambayo kimo chake kilizidi futi 6. Yaani wengi wa wageni walioizunguka walikuwa wafupi kuliko chakula walichokuja kukila. Ilikuwa na nguzo na masanamu, na kileleni ilivikwa taji. Mtu aliyeitazama kwa mbali angalidhani kuwa jengo lote lilikuwa la kuliwa. Kumbe sivyo. Ghorofa ya chini peke yake ndiyo iliyokuwa keki. Zilizokuwa juu yake zilikuwa sukari tupu iliyofinyangwa ikakauka, na aliyethubutu kuzitia kisu angalikuta ugumu kama wa chokaa.

Haielekei kuwa mwokaji alikusudia kumdanganya mtu. Shida yake ilikuwa ya uzito. Keki ni kitu laini, na kitu laini hakiwezi kubeba kilicho kizito mfano wake: kikitwikwa hubonyea katikati, hupasuka kando, na mwishowe jengo zima huinama mbele ya wageni. Lakini karamu ya watu wengi hutaka kitu kinachoonekana na kila mtu, hata aliyeketi mwisho wa ukumbi. Basi mwokaji alivutwa na mambo mawili yasiyopatana, ulaini unaotakiwa na ulimi na kimo kinachotakiwa na macho. Historia ya keki ya ghorofa, ambayo siku hizi hukatwa katika arusi na katika sikukuu za kutimiza miaka 25 au 50 ya ndoa, ni historia ya kuyapatanisha mambo hayo mawili. Na kwa kuwa mapatano yenyewe yalifanywa kwa sukari, ni historia ya sukari pia.

Kuijenga sukari ni kazi ya zamani kuliko keki yenyewe. Msafiri wa Uajemi, Nasir Khusraw, alipokuwa Kairo katikati ya karne ya 11, aliingia katika ukumbi ulioandaliwa kwa karamu ya Idi ya khalifa wa Kifatimi. Aliandika kuwa sukari iliyotengwa kwa siku ile ilikuwa mani 50,000, na kuwa mezani aliona mti kama mchungwa, matawi na majani yake yote yametengenezwa kwa sukari, pamoja na maelfu ya masanamu ya sukari. Jina lenyewe la kitu hiki laonyesha njia kiliyopita: Wahindi wa kale waliita sharkara, Waajemi shakar, Waarabu sukkar, na kwa Waarabu Waswahili walipata sukari kama watu wa Ulaya walivyopata majina yao. Pamoja na jina ulisafiri na ufundi. Katika majumba ya wafalme wa Ulaya yalianza kutokea mezani masanamu ya sukari, ngome za sukari, na wanyama wa sukari. Yasimuliwa kuwa Henri wa Tatu wa Ufaransa, alipokaribishwa Venice mwaka 1574, alishika kitambaa cha mkono mezani kikamvunjikia vidoleni, kwa kuwa nacho kilikuwa sukari. Vitu hivyo havikuwa vya kushibisha. Vilikuwa tangazo la mali, maana sukari wakati ule ilipimwa kwa uangalifu kama dawa na viungo.

Keki ilikuwa na nasaba nyingine. Ilitoka katika mkate uliotiwa siagi, mayai na zabibu, ukaliwa siku kubwa. Nasaba hizi mbili, mkate wa sikukuu na sanamu ya sukari, zakutana wazi katika kitabu cha Elizabeth Raffald kilichochapishwa mwaka 1769. Bibi huyu alikuwa msimamizi wa nyumba ya wakuu kaskazini ya Uingereza, kisha akafungua duka la vyakula Manchester. Keki yake ya bibi arusi yataka ratli 4 za unga wa ngano, ratli 4 za siagi, ratli 2 za sukari, zabibu kavu ratli 4, lozi, basibasi, kungumanga, maganda ya machungwa na malimau yaliyopikwa kwa sukari, na mayai manane kwa kila ratli ya unga, yaani mayai 32. Baada ya kuokwa ilipakwa tabaka mbili: ya kwanza ya lozi zilizopondwa pamoja na sukari, na ya pili ya sukari nyeupe na ute wa mayai.

Kwa mtu wa leo maagizo hayo husomeka upesi. Aliyeyatimiza hakuyatimiza upesi. Sukari iliuzwa kwa mabonge magumu yenye umbo la pia. Ilibidi ivunjwe, itwangwe, kisha ichekechwe kwa kitambaa chembamba hata iwe kama vumbi. Siagi ilifanywa laini kwa mkono. Hamira ya unga isiyohitaji kuumuka ilikuwa haijapatikana bado, kwa hiyo pumzi yote ya keki ilikuwa ni hewa iliyoingizwa katika mayai kwa kupigapiga, na mikono iliyoipiga aghalabu ilikuwa ya watumishi wa kike ambao hawakualikwa karamuni.

Na kulikuwa na mikono mingine, ya mbali zaidi. Weupe wa keki ulikuwa sifa yake kuu kwa sababu sukari nyeupe ndiyo iliyokuwa imesafishwa mara nyingi na kuuzwa ghali. Lakini sukari hiyo ilitoka katika mashamba ya visiwa vya Karibi yaliyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Mwaka 1791 William Fox alichapisha London kijitabu kilichowataka Waingereza waache kula sukari hiyo, akidai kuwa mnunuzi ana sehemu katika dhambi ya muuzaji, na maelfu ya nyumba ziliitika. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku katika dola ya Kiingereza mwaka 1807; sheria ya kuufuta utumwa ilipitishwa mwaka 1833; na ule utumishi wa lazima uliowekwa badala yake ulikoma tarehe 1 Agosti 1838. Kwa hiyo Malkia Victoria alipoolewa tarehe 10 Februari 1840, ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu wakulima wa miwa wa Jamaica kuwa watu huru hasa. Wala habari haikuishia hapo. Mwaka 1846 Bunge lile lile lilipitisha sheria ya kulinganisha ushuru, na sukari ya Cuba na Brazil, iliyokuwa ingali ikilimwa na watumwa, ikafunguliwa mlango. Cuba iliufuta utumwa mwaka 1886 na Brazil mwaka 1888. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kushangaa kwamba utamu wa meza moja huwa uchungu wa shamba jingine, maana karafuu za Unguja na Pemba, zilizonukia katika majiko ya dunia nzima wakati huo, zilichumwa kwa hali hiyo hiyo hata utumwa ulipoondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897.

Keki ya Malkia ya mwaka 1840 ilikuwa kubwa, lakini haikuwa ndefu. Ilikuwa keki moja ya duara, yenye uzito wa ratli 300 hivi, mzingo wake zaidi ya yadi 3, na unene wake inchi 14 hivi. Juu yake yalisimama masanamu: Britannia, yule mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, akiwabariki bwana na bibi arusi waliovikwa mavazi ya Kirumi, miguuni pa bwana mbwa, ishara ya uaminifu, na miguuni pa bibi jozi ya njiwa. Vipande vyake na vya keki nyingine za arusi hiyo viligawanywa vikiwa vimefungwa vizuri, na baadhi havikuliwa kamwe. Kimoja kiliuzwa mnadani London mwaka 2016 kwa pauni 1,500.

Toka 1840 hata 1858 keki ilipanda kwa hila ya sukari tupu, kama ilivyokwisha kuelezwa. Kilichoipandisha kwa haki ni bei. Viazisukari vya Ulaya, yaani biti, vilikuwa vimegunduliwa kuwa na sukari tangu mwaka 1747, na viwanda vyake vilienea katika karne ya 19. Kisha mwaka 1874 Uingereza iliondoa kabisa ushuru wa sukari. Kitu cha wafalme kikafika katika duka la mtaani. Mwaka 1882, katika arusi ya Leopold, mwana wa Malkia, ilitokea keki ambayo ghorofa zake zote zilikuwa keki. Zilikaliana moja juu ya nyingine bila nafasi kati yake. Nguzo zilizoziachanisha, zikawapa watazamaji ile sura ya jengo la kweli, zilikuja kuwa desturi baadaye, karibu na mwanzo wa karne ya 20.

Inafaa kueleza jinsi jengo hilo lisimamavyo, maana watu wengi wamelila pasipo kulijua. Keki ya Kiingereza ya ghorofa si laini sana. Ni nzito, imeshindiliwa zabibu, na huokwa majuma mengi kabla ya siku yake, ikanyweshwa pombe kali kidogo kidogo. Sukari na pombe huizuia isiharibike, na siku zikipita ladha ya viungo huenea. Tabaka ya lozi huzuia mafuta na rangi ya zabibu visipenye na kuuchafua weupe wa nje. Kisha hupakwa sukari laini iliyochanganywa na ute wa yai. Maji yakikauka, chembe za sukari hushikamana, na ute huwa kama gundi baina yake, hata keki ikawa ndani ya ganda gumu. Hupakwa zaidi ya mara moja, kila mkono ukingojea wa kwanza ukauke. Mwenye haraka hana kazi hapa. Waokaji wa zamani walikuwa wakidondoshea tone la rangi ya buluu ili weupe uzidi kung’aa, kama afanyavyo dobi kwa kanzu. Mapambo hutolewa kwa kuikamua sukari hiyo katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Anayependa sukari isiwe ngumu sana menoni hutia glisarini. Lakini katika ghorofa itakayobeba nyingine haifai kutia, maana nguzo zitadidimia. Hapo ndipo mapatano yalipopatikana: mzigo hauchukuliwi na keki bali na ganda lake.

Ganda hilo ndilo lililotoweka vita vilipokuja. Sukari iligawiwa kwa kipimo Uingereza tangu Januari 1940, na mwaka huo huo ikakatazwa kuipamba keki kwa sukari juu yake. Maduka yakatengeneza vifuniko vya kadibodi au plasta, vyeupe, vyenye nguzo na maua, vikakodishwa kwa siku moja. Bwana na bibi arusi walisimama mbele ya kifuniko wakapigwa picha, kisha kikainuliwa, na chini yake kikaonekana kijikeki cha watu wachache. Hila ya mwaka 1858 ilirudi, ila safari hii kwa maskini na matajiri sawasawa, na kwa kujua wote.

Vita vilikwisha, njaa haikwisha. Binti Elizabeth alipoolewa tarehe 20 Novemba 1947, hata mkate ulikuwa ungali kwa kipimo. Keki yake ilitengenezwa na kampuni ya McVitie & Price: ghorofa 4, kimo futi 9, uzito ratli 500. Viungo vyake vililetwa na wasichana wa chama cha Girl Guides cha Australia, na kwa safari hiyo keki ikaitwa ya maili 10,000. Yaweza kusemwa kuwa ulikuwa ufahari usiofaa wakati ule, na waliokuwapo walioyasema hayo. Lakini hesabu yake yafaa kutazamwa. Zilikatwa sehemu 2,000 hivi. Basi kila sehemu ilikuwa ya robo ratli, na keki iliyoonekana kama mlima ilikwisha kwa kipande cha kiganja kimoja kwa kila mtu. Ilikatwa kwa upanga wa bwana arusi, ambao kwa kweli ulikata kipande cha kwanza tu. Kazi iliyobaki ni ya visu, nyuma ya pazia. Ghorofa moja ilirudishwa Australia kwa shukrani, na ya juu kabisa ikahifadhiwa hata ubatizo wa mtoto wa kwanza, Charles, Desemba 1948.

Desturi hiyo ya kuiweka ghorofa ya juu ndiyo iliyoifunga keki ya arusi na keki ya ukumbusho. Kwa Waingereza ilingojea ubatizo. Kwa Wamarekani ilingojea siku ya kutimia mwaka mmoja wa ndoa. Katika desturi ya Kiingereza, ganda la zamani, lililokwisha kuwa la manjano, huvunjwa na keki hupakwa upya. Na aghalabu keki ya ndani huwa njema kuliko ilivyokuwa siku ya arusi. Marekani mambo yalikuwa mengine. Huko zilipendwa keki nyepesi za tabaka, zilizoumuliwa kwa hamira ya unga na kujazwa krimu. Haziwezi kubeba kitu, kwa hiyo kila ghorofa hukalishwa juu ya ubao mwembamba, na ubao hukalia vijiti vilivyofichwa ndani ya keki ya chini, vikakatwa sawa na kimo chake. Uzito wote hupita katika vijiti mpaka mezani. Wala haziwezi kungoja. Ghorofa ya juu huwekwa katika friji ya barafu mwaka mzima, na ikitolewa huwa imenyonya harufu za samaki na nyama zilizokaa nayo. Ndiyo sababu waokaji wengi sasa huwashauri wateja waile yote siku ile ile, na mwaka ukitimia huwaokea nyingine ndogo, mpya.