Mate, makohozi na chombo cha shaba

Charles Dickens alipozuru Marekani mwaka 1842, kilichomchefua kuliko vingi ni mate. Wanaume wa huko walitafuna tumbaku, na mtafuna tumbaku hamezi: hutema. Katika kitabu chake American Notes ameeleza kwamba mahakamani jaji alikuwa na chombo chake cha kutemea, shahidi chake, na mshitakiwa naye chake. Vyombo vilikuwepo, kilichokosekana ni shabaha. Mazulia ya Bunge yalikuwa na hali mbaya hivi kwamba aliwaasa wageni wasiyatazame, na atakayeangusha kitu, hata mfuko wa fedha, asikiokote bila glavu.

Chombo chenyewe, aghalabu cha shaba, kilikuwa na kitako kizito kisipinduke kwa teke na mdomo mpana wa kuwasitiri wasiojua kulenga. Kilikaa hotelini, baa, benki na ndani ya treni. Na nani alikisafisha? Hotelini kazi hiyo mara nyingi iliwaangukia wafanyakazi Weusi, na mshairi Langston Hughes aliitungia shairi miaka ya 1920. Dickens, pamoja na kinyaa chake chote, hilo hakulishughulikia.

Lawama za wageni hazikubadili kitu. Kilichobadilisha ni kidudu. Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Madaktari wakaamini kuwa makohozi yakikauka sakafuni hugeuka vumbi, na vumbi hilo likivutwa linaua. Ghafla mate yakatoka kwenye adabu yakaingia kwenye sheria. Mwaka 1896 New York ilipiga marufuku kutema mate kwenye maeneo ya umma, na miji mingine ikafuata. Huko Kansas, Dk. Samuel Crumbine alihimiza matofali ya njiani yachorwe onyo la kutotema mate, ili mtu alisome kabla hajafungua kinywa. Homa ya mafua ya 1918 ilipoingia Philadelphia, mabango kwenye tramu yalisema waziwazi kwamba mate yanasambaza kifo.

Kwa kweli walipatia nusu tu. Leo inajulikana kuwa kifua kikuu husafiri zaidi hewani, katika chembechembe ndogo mno zinazotoka mgonjwa anapokohoa au kuzungumza. Mate yaliyolala barabarani si njia yake kuu. Hata hivyo kampeni ile ilizoesha watu kuziba mdomo wanapokohoa, na hilo si haba.

Lakini faini na mabango pekee visingekiondoa chombo kile. Mimi naona aliyekimaliza hasa ni James Bonsack, kijana wa Virginia aliyebuni mashine ya kusokota sigara mwanzoni mwa miaka ya 1880. Sigara zikawa rahisi, na kufikia miaka ya 1920 zilikuwa zimeipita tumbaku ya kutafuna. Mvutaji hana haja ya kutema. Vyombo vikaishia kwenye maduka ya vitu vya kale, ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani bado inaviweka kando ya viti vya majaji, wanaotupia humo karatasi.

Moshi nao ulikuwa na hesabu yake. Januari 1964 Luther Terry, daktari mkuu wa serikali, alitoa ripoti iliyosema bila kuficha kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume.