Hesabu ya Watu Walio Angani

Zamani kuwahesabu watu walio angani kulikuwa kazi ya macho. Tarehe 21 Novemba 1783, Pilâtre de Rozier na Marquis d'Arlandes walipaa juu ya mji wa Paris kwa puto la hewa ya moto, na kila aliyeinua uso aliona kuwa ni wawili. Hata tarehe 2 Mei 1952, eropleni ya Comet ilipotoka London kwenda Johannesburg kwa njia ya Entebbe, ikiwa ya kwanza ya jeti kuchukua abiria walipao nauli, orodha ya abiria 36 ilitosha.

Safari zilipozidi, ikabidi kukadiria. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi: idadi ya watu walio mahali ni wastani wa waingiao kwa saa, mara muda wakaao humo. Mwaka 2019 abiria wa eropleni duniani walikuwa kama bilioni 4.5, yaani zaidi ya 500,000 kwa kila saa. Ikiwa safari moja ilichukua kadiri ya saa mbili, basi kwa wastani watu milioni moja walikuwa angani wakati wowote. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga mipaka, abiria walishuka hata bilioni 1.8, na watu wa angani wakapungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini wastani hausemi mtu yuko wapi. Hiyo ni kazi ya ramani. Juu ya nchi kavu rada huichora ramani hiyo, wala haifiki katikati ya bahari. Tarehe 8 Machi 2014 eropleni MH370 iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing na watu 239, ikapotea. Idadi yao ilijulikana, na majina yao pia. Mahali walipo hapakujulikana. Mwaka 2015 kipande cha bawa lake kiliokotwa Réunion, na mwaka 2016 kingine kisiwani Pemba.

Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana kwamba tangu Novemba 2018 mahali ilipo kila eropleni kubwa ivukayo bahari pajulikane walau kila dakika 15. Katika makadirio ya watu milioni moja, kuzidi au kupungua kwa 239 hakuonekani; hata hivyo ni kwa ajili ya hao sheria hiyo ilitungwa.