Baraza: Neno Lililotoka Ukingoni mwa Njia

Yako maneno ya Kiswahili yaliyoanza kazi mahali pa chini kabla hayajapanda cheo. Neno baraza ni mojawapo.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na vile vile Lamu, baraza ni kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa kuambatana na ukuta wa nyumba, ukingoni mwa njia. Hapo mwenye nyumba huweza kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani. Wazee hunywa kahawa na kucheza bao. Na mvua kubwa inapogeuza vichochoro kuwa vijito, wapita njia hupanda juu yake wakaenda zao. Baraza ni la mwenye nyumba, lakini manufaa yake ni ya wote.

Kwa kuwa mazungumzo yalifanyika hapo, neno lilihama kutoka kiti hadi kikao. Wakati wa utawala wa Waingereza huku bara, watu waliitwa barazani kusikiliza amri na hukumu. Baada ya uhuru tulilitwaa neno hilo kwa vyombo vyetu wenyewe: Baraza la Mawaziri, Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 1980.

Sisi wa Izigo hatukurithi baraza la mawe. Msonge wa Mhaya ulisimama ndani ya kibanja, kati ya migomba, na mgeni alikaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna. Kwetu neno lilifika likiwa limevaa mavazi ya serikali: tulilijua baraza kwa kuitwa, si kwa kuketi.

Sheria ya Mabaraza ya Kata ilitungwa mwaka 1985. Tangu mwaka 2021, kazi ya mabaraza hayo katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kukata shauri. Basi ndugu wawili wanaogombea mpaka wa kibanja wanapoketishwa pamoja wasemezane, neno limerejea asili yake.

Kwa hiyo mwalimu anapolifundisha neno hili, asianze na mawaziri. Aanze na kile kiti cha mawe kando ya njia. Kikao kinachomfungia mpita njia nje kimebaki na jina la baraza tu. Maana yake kimeiacha ukingoni.